Mama Barafu na Kidole cha Mdogo Wake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtafiti wa ngozi ambaye wenzake kazini walimwita Mama Barafu. Tulimzika jana. Jina hilo alilipata kwa ndoo yake ya barafu, maana kolajeni, ile protini inayoishikilia ngozi, aliitunza kwenye baridi. Ikipata joto hujisokota kuwa nyuzi, ikawa nyeupe na nzito kama uji.

Siku moja alitia kemikali aliyoichuja kutoka kwenye majani katika kichupa kimoja cha kolajeni. Kingine akakiacha hivihivi. Akavipasha joto. Kisicho na majani kikawa cheupe. Chenye majani kikabaki angavu kama maji. Nyuzi zimegoma! Mama Barafu alipiga vigelegele peke yake, kwa sababu kovu gumu ni nyuzi hizohizo zilizozidi.

Na mdogo wake, fundi cherehani, alikuwa na kovu la moto lililovuta kidole. Alikuwa anangoja upasuaji.

"Ahirisha, mdogo wangu," alimwambia. "Dawa ninayo."

Akaahirisha.

Wasikilizaji, dawa hakuwa nayo. Kemikali ile ilikuwa na uchachu, na kwenye uchachu kolajeni haishikani, majani yawepo yasiwepo. Alisahau kuuondoa uchachu kabla ya kupima. Aliporudia bila uchachu, vichupa vyote viwili vikawa uji. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Aibu ikamfunga mdomo. Akienda kwa mdogo wake anazungumzia mvua na mitindo ya magauni. Miezi ikapita, kovu likakaza. Alipokuja kusema ukweli, daktari alishindwa kukinyoosha kidole.

Tangu hapo, anasema mumewe, hakuweza kumtazama mdogo wake usoni. "Nikimwambia twende, kichwa kinamuuma. Tukifika, anaona mdogo wake ameficha mkono kwenye mfuko wa gauni, anaondoka mnyonge. 'Bado amenikasirikia,' ananiambia."

Tukamuuliza mdogo mtu. Alilia kwanza.

"Mimi nimkasirikie dada? Mkono niliuficha asikione kidole, asije akaona haya. Laiti ningeutoa tu, nikamshika."

Wanafamilia, poleni sana. Msiba huu tunaubeba pamoja nanyi. Nawe unayetusikiliza, kama kuna ndugu mnayekwepana naye macho, usidhani unajua anachokificha. Nenda ukamuulize.

Jana makaburini, mdogo mtu aliutoa mkono mfukoni, akauweka juu ya jeneza. Dada yake hakuuona.