Breki Zinazomzuia Ardito

Benchi la mbele ya baa ya Wanda lina watu wake watatu, na hakuna kitu duniani, kuanzia vita mpaka jipu, ambacho hawajakipatia dawa pale. Jumatatu ile mgonjwa alikuwa gari: lile jekundu la Ardito, mmoja wa hao watatu, la wazi, la viti viwili, la kabla binadamu hajakanyaga mwezi, zuri mpaka mapadri hugeuza shingo. Lilikuwa limerudi tena linafuka. Magurudumu ya mbele ungekaangia mayai ya kijiji kizima, na harufu ya breki ilishavuka mpaka wa Slovenia bila pasipoti. Safari ya tatu hiyo. Kila mara Ardito anatoka kwenda mjini Gorizia, kwa shemeji yake, alikohamia mkewe Nives tangu mavuno ya zabibu, akamwombe arudi nyumbani. Kila mara, kilima cha pili, breki zinakamata zenyewe, gari linakuwa zito kama linavuta kanisa. Anasubiri zipoe, anageuza.

Bepi, aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa miezi miwili na tangu hapo anaitwa Daktari, alipuliza kahawa yake.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Umelilaza gereji majira yote ya baridi, limezoea kusimama. Sasa ukiliambia liende linaona unalionea.

Kengele, mpiga kengele wa kanisa, alikataa. Kwake kosa ni mafuta ya breki: yakipata moto yanavimba kama unga wa mkate, hayana pa kwenda. Hapo aliukaribia ukweli, akaogopa, akaukimbia. Akaanza habari za jamaa wa Udine ambaye mafuta yalimvimbia mpaka gari likapiga breki likiwa limezimwa, limeegeshwa, halina hata magurudumu.

— Tusizunguke, ndugu zangu, akasema Daktari. Gari linamjua shemeji yetu Nives. Likielekezwa kwake linaona haya.

Walicheka. Ardito, ambaye siku nyingine angewaeleza alivyoiacha treni nyuma kwa gia ya pili, hakucheka. Miezi saba analala upande wake tu wa kitanda, kama kuna mtu wa kumsukuma.

Mlangoni alisimama mwanamke na kikombe chake: Loredana, dereva mpya wa basi, wiki yake ya kwanza njia ile. Aliomba ruhusa, akafungua mlango wa gari, akainama, akabonyeza pedeli ya breki kwa mkono.

— Hii haina nafasi hata kidogo. Ukiigusa imeshashika. Ikikaa hivi mafuta hayarudi yote kwenye chombo chake, yakichemka yanazidi kubana. Nani kaisogeza huku juu?

Benchi zima likamgeukia Ardito.

— Mimi.

— Kwa nini, kaka?

Ikabidi aseme yote, tangu Nives alipohama. Miaka ishirini na sita Nives alimwomba ufunguo, na yeye alimjibu kwamba gari hili si la miguu mifupi, pedeli iko mbali, angoje arefuke. Siku anaondoka hakuomba tena. Basi mwezi uliopita Ardito aliingia na spana chini ya dashibodi, akarefusha kifimbo cha nyuma ya pedeli, kinachoisukuma imsogelee dereva, mzunguko mmoja mmoja, akipima kwa kiatu cha shambani alichokiacha mkewe, mpaka kikatua sawasawa. Akifika Gorizia amkabidhi ufunguo, yeye mwenyewe akae pembeni.

Kengele alipata kitu cha kutazama ndani ya kikombe.

Loredana alisema ni kazi ya dakika kumi. Irudishwe mizunguko miwili, breki zitaachia, na mkewe atawekewa mto mgongoni. Ardito aliitikia haraka. Akaongeza kwamba itabidi aangalie na mipira inayopitisha mafuta. Na pedi mpya za breki. Labda baada ya sikukuu za Mei.

Loredana alimtazama, akaweka kikombe dirishani.

— Lakini kaka, basi la Gorizia linapita hapa kila siku saa tano. Miezi saba yote, kwa nini hukupanda?

Daktari alifungua mdomo atoe methali. Haikuja hata moja.

Loredana alivuka barabara mpaka kwenye basi lake, akawasha injini, akaacha mlango wa mbele wazi. Ardito aliutazama mlango ule, mikono magotini. Benchini hakuna aliyemwambia inuka, wala aliyemwambia kaa.