Mstari wa Pembeni ya Barua

Toa huo mkono mdomoni. Ukianza kucheka sasa utamaliza meno kabla ya hadithi. Unasema haiwezekani wanaume watatu wazima, wenye ndevu na wajukuu, waandike sheria ya kuwabana wenye nacho, halafu sheria hiyohiyo igeuke na kumng'ata mtoto wao wenyewe? Basi wewe hujawahi kukaa na wanaume watatu wazima. Bibi amekaa nao miaka tisa, birika mkononi, na hana tena cha kushangaa. Kaa kitako, usikilize, na usinikatize.

Benchi wanalokalia ni ubao mmoja uliolala juu ya matofali, umeegemea ukuta wa chumba cha Bibi, kinyozi upande huu na fundi viatu upande ule. Kinyozi wanamwita Katibu, kwa kuwa alisoma mpaka mwandiko ukawa mzuri, akaachia hapo. Fundi viatu ni Daktari. Anapasua, anashona, na wagonjwa wake wengine hawaamki. Wa tatu ni mlinzi mstaafu wa ghala. Yeye anaitwa Refa, maana siku moja katika ujana wake alishikilia kibendera pembeni ya uwanja wakati mwenyewe amekwenda haja. Tangu hapo hakuna mchezo usiopita mikononi mwake. Bibi anauza kahawa, anafunga mdomo kidogo sana, na mlango wa chumba chake hauko mbali na migongo yao. Asubuhi hiyo mlango ulikuwa umerudishwa tu. Ndani mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na sita, alikuwa akifagia chumba kilekile kwa mara ya nne. Fagio lilisikika mpaka barazani: shwa, shwa, shwa.

— Andika, Katibu, alisema Refa. "Sisi wakazi wa mtaa huu, kwa masikitiko makubwa, tunadai shule za serikali na shule binafsi zitenganishwe michezoni. Wao kombe lao, sisi kombe letu."

— Masikitiko makubwa tuliyatumia kwenye barua iliyopita.

— Basi weka makubwa zaidi.

Katibu aliandika, karatasi juu ya goti, ulimi nje.

— Na uandike sababu, alisema Daktari. Sababu ni viatu. Kuna pea moja ya shule yetu nimeishona mara kumi na moja. Imecheza nusu fainali ikiwa na miguu ya wasichana watatu. Kule kila mtoto ana pea ya nyasi na pea ya changarawe. Utashindana vipi?

— Viatu ni kitu kidogo, alisema Refa. Tatizo ni raha. Wale wana bafu la maji moto hatua kumi kutoka golini. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Hiyo imeingiaje hapo? aliuliza Bibi.

— Imeingia kwa bafu, Bibi.

— Imeingia bila kubisha hodi. Lete kikombe.

Katibu aliinua kalamu.

— Ninyi mnaona ya uwanjani tu. Wale huwachagua wangali wachanga. Shemeji yangu ameona kwa macho yake, kliniki, siku ya kupima watoto. Mtu mwenye shati la nembo ya shule anapita na futi ya fundi cherehani, anapima vigimbi vya vichanga.

— Kichanga kina kigimbi? aliuliza Daktari.

— Ndiyo maana ya futi. Kisichoonekana kwa macho hutafutwa kwa kipimo. Samaki mkunje angali mbichi!

— Hao wanapimwa, hawakunjwi, alisema Bibi.

— Hayo yote madogo, alisema Refa, akasogea mbele ili tumbo lipate nafasi. Mimi ninajua siri ya ule uwanja wao. Unainama. Chini ya nyasi kuna mtambo. Kipindi cha kwanza unainamia huku. Timu zikibadilishana magoli, mtu ofisini anabonyeza kidude, unainamia kule. Miaka yote wao wanateremka na sisi tunapanda!

— Na juzi? aliuliza Bibi.

— Juzi umeme ulikatika.

Hata Bibi nusura acheke. Lakini fagio lilikuwa bado linakwenda, na kicheko kikarudi kilikotoka.

Maana juzi ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Fainali ya wasichana, shule ya serikali ya juu ya barabara na shule binafsi ya ng'ambo, kwenye uwanja wa hao wa ng'ambo. Golikipa wa serikali alikuwa amevunjika kidole usiku wa kuamkia mchezo, na mwalimu wa michezo, kwa haraka, akamtia golini mjukuu wa Bibi. Penalti ya mwisho msichana aliipangua kwa kiwiko. Kombe likapanda barabara likiwa limebebwa kichwani. Kesho yake asubuhi shule binafsi ikakata rufaa kwenye kamati ya michezo: yule golikipa miezi minne iliyopita alikuwa mwanafunzi wetu, na kanuni inasema aliyehama shule asicheze mwaka mzima. Kombe lirudi, na msichana afungiwe mpaka mwaka ujao.

Na kanuni hiyo ilizaliwa wapi? Hapo hapo, juu ya ubao huo. Mwaka uliopita shule binafsi ilichukua washambuliaji watatu wa serikali kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayechuma mapapai ya jirani. Benchi likawaka. Katibu akaandika barua, kamati ikaipenda, ikaigeuza kanuni neno kwa neno. Mwezi mzima hawa watatu walitembea vifua mbele. Hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtoto anaweza kuhama akitokea kule.

Mjukuu wa Bibi alihama akitokea kule. Baba yake, mtoto wa Bibi, alikuwa dereva wa basi la shule binafsi, na watoto wa wafanyakazi walisoma humo. Alipopata kazi nyingine mbali, nafasi ya mtoto ikaondoka na usukani. Msichana akaja kwa nyanya yake na sanduku moja na godoro.

— Kamati inakaa saa tatu, alisema Daktari, akitazama saa ya Refa, maana yake mwenyewe ilikuwa mgonjwa. Sasa hivi saa nne. Kimya hiki si kizuri.

— Kimya kingi kina mshindo mkuu, alisema Refa.

— Safari hii umepatia, alisema Bibi, na ndiyo maana nakuomba unyamaze.

Alimimina vikombe viwili vikajaa. Cha Katibu alikifikisha nusu, akasimama na birika hewani.

Kulikuwa na jambo moja hajamwambia mtu. Siku ile barua ya kwanza inaandikwa, yeye alikuwa amesimama hapo hapo. Aliwasikiliza, akawauliza: na mtoto ambaye mzazi wake amehama kazi? Naye aadhibiwe kwa kosa la kuzaliwa na mtu mwenye miguu? Wakacheka. Wakamwambia haya ni mambo ya michezo. Bibi akashikilia birika, akasema hamimini hata tone mpaka mstari huo uandikwe. Wakati huo mwanawe alikuwa bado anaendesha basi lake vizuri. Aliuliza kwa ubishi tu, kama anavyouliza mengi. Katibu akainamia karatasi, akachezesha kalamu, akasema, "Tayari Bibi, mimina." Akamimina.

Sasa aliandika kweli, au alichezesha kalamu ili apate kahawa? Tangu jana asubuhi Bibi alikuwa akitembea na swali hilo. Kuuliza ni rahisi. Lakini akijibiwa hapana, itabidi aingie mle ndani amwambie mwenye fagio.

Akauliza.

— Katibu. Ule mstari wangu uliuandika?

— Mstari gani? alisema Refa.

— Wewe si Katibu. Katibu, nakuuliza.

Kinyozi alitazama kikombe chake cha nusu. Alitazama karatasi. Shingo yake ikaanza kutoa jasho, na jua lilikuwa upande wa pili wa barabara.

— Ule wa mzazi kuhama kazi?

— Kumbe unaujua.

— Niliandika, Bibi. Nadhani niliandika. Nakumbuka kalamu ilikuwa inakatakata, na karatasi ilikuwa imejaa, na hawa walikuwa wananiharakisha...

— Ulisema tayari.

— Nilisema tayari, ndiyo.

— Kusema tayari na kuandika ni ndugu?

— Wa mama mmoja, Bibi, lakini si mapacha.

Daktari alishusha kikombe polepole.

— We bwana! Kwa hiyo mtoto anaweza kufungiwa kwa sababu ulikuwa na kiu?

— Na nyie mlicheka! Nani alisema mambo ya wanawake yatajaza karatasi? Si wewe, Refa?

— Mimi? Mimi nilisema hivyo kwa... kwa upande wa nafasi.

— Msigombane, alisema Bibi. Kila mtu atapata sehemu yake.

Alisema kwa upole. Upole wa Bibi ni kitu cha kuogopwa. Wote watatu walivuta miguu chini ya ubao. Nyuma ya mlango fagio lilikuwa limesimama. Kisha likaendelea, taratibu zaidi.

Mwalimu wa michezo alitokea kwenye kona wakati huo. Ni binti mdogo tu, filimbi shingoni, anasukuma baiskeli iliyokatika mnyororo, mikono myeusi kwa grisi. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesukuma baiskeli, hakuna kilichosomeka.

— Shikamoo Bibi. Shikamooni wazee. Naomba kahawa, mnyororo umekatika tangu kwenye—

— Marahaba. Kahawa baadaye. Sema.

— Walinisomea barua yenu. Ile yenyewe, ya mkono. Kwa sababu kanuni waliyoipiga chapa wakaibandika ukutani ina mistari minne, na mimi nikawaomba waniletee ya asili. Nilikuwa sina la kujitetea, Bibi, nikiri tu. Nilimtia golini bila kufikiri. Hiyo barua niliiomba kuvuta muda tu.

— Na?

— Na barua ina mistari mitano.

Katibu alifunga macho.

— Wa tano umepanda pembeni ya karatasi, kwa herufi ndogo, kama abiria aliyening'inia mlangoni. "Isipokuwa mzazi wake awe amehama kazi." Na juu yake kuna doa la kahawa. Ndiyo maana aliyepiga chapa hakuuona, doa limeufunika nusu. Mwenyekiti aliinua karatasi dirishani, akausoma kwa sauti, mara mbili. Wale wa shule binafsi wakaomba kuuona. Wakauona. Rufaa imetupwa. Kombe ni letu, na msichana anacheza mwaka ujao na mwaka wa kufuata.

Bibi aliweka birika chini. Akakumbuka tone la siku ile ya barua. Alikuwa amemimina kwa hasira, likaruka. Katibu alilalamika, na yeye akamwambia karatasi nayo ina haki ya kunywa.

— Si nilisema! Katibu alipiga goti. Si nilisema niliandika!

— Ulisema unadhani, alisema Daktari.

— Mwandishi hakumbuki kila alichoandika. Ni kama mvua.

— Mimi ndiye niliyesema mstari ule uwekwe pembeni, alisema Refa. Kwa upande wa nafasi. Haki ya mnyonge haipotei, ikipotea huipati!

— Mnyonge mnyongeni, alisema Bibi, akamjazia Katibu kikombe mpaka kikamwagika kwenye sahani. Kunywa. Na wewe Mwalimu, kaa, unakula vumbi umesimama.

Walicheka wote, kicheko cha watu waliotoka chini ya mti baada ya radi. Daktari alimnyang'anya mwalimu mnyororo, akautia misumari ya viatu. Akasema amewahi kufanya upasuaji mgumu kuliko huo. Refa alikwisha kurudi kwenye vita.

— Sasa tumalizie barua. Wameonyesha rangi zao. Watenganishwe! Mwalimu, utatupelekea?

Mwalimu alichukua karatasi kwa ncha za vidole, asiipake grisi. Aliisoma yote, viatu, bafu la maji moto, vigimbi vya vichanga. Kwenye mtambo wa chini ya uwanja alisoma mara mbili.

— Mimi sijaelewa kitu kimoja tu, wazee wangu. Tungekuwa tumetenganishwa mwaka huu, juzi tungemfunga nani?

Refa aliinua kikombe chake, akakikuta kitupu. Daktari alitazama mnyororo. Katibu aliangalia kalamu yake, kama kwamba jibu limo kwenye wino.

— Swali zuri, alisema Refa. Bibi, hebu ongeza kahawa kidogo, tulijibu.

Bibi aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Lilitoka tone moja, na baada ya hilo machicha.

— Imekwisha.

— Imekwisha kabisa?

— Kabisa. Akili zenu zimeinywa yote na hakuna kilichoota.

Aliichukua ile barua kutoka mkononi kwa mwalimu, akaikunja mara nne, akaitumia kushikia mpini wa birika ambao ulikuwa bado wa moto. Hakuna aliyemzuia. Akawapita, akausukuma mlango kwa bega. Mjukuu wake alikuwa amesimama katikati ya sakafu safi kuliko zote mtaani, amelikumbatia fagio, macho makubwa.

— Umesikia?

— Nimesikia, Bibi.

— Basi weka chini hilo fagio kabla hujatoboa sakafu ya watu, alisema Bibi, akaingia, akaufunga mlango.