Kisanduku cha Kumi na Saba

Kijiwe chetu ni benchi lenye mguu wa kuazima, kibanda cha kahawa cha Birika, na kalenda. Hiyo kalenda msiichezee. Ina miaka ishirini na minne ukutani na hatujawahi kuibadilisha, maana ndiyo kumbukumbu yetu. Kikitokea cha kutokea, mtu anashika kalamu iliyofungwa kwa uzi na kukiandika ndani ya kisanduku cha tarehe yake. Asubuhi ile tulikuwa wanne: Birika mwenyewe, Uhakika, kinyozi ambaye kwa maelezo yake hajawahi kukosea, Fundi, mshona nguo, na mimi, mshona viatu, msema kidogo mwenye hasira nyingi. Fundi alikuwa hajagusa kikombe chake. Wakwe walitaka jibu kabla ya saa sita: binti yake aolewe tarehe kumi na saba Juni, ndiyo au hapana? Alikuwa ameshawaahirishia mara mbili, na safari hii walisema wazi kwamba wakiahirishiwa tena, basi tena, uchumba umekwisha.

— Kumi na saba? Thubutu! akasema Uhakika. Tazama kisanduku chenyewe. Cheusi tii! Tarehe nyingine zina mistari miwili mitatu, hiki kimejaa mpaka kinamwagikia kumi na nane.

— Hebu soma, akasema Fundi kwa sauti ndogo.

— "Soko limeungua. Daraja limekatika. Timu yetu imefungwa saba bila. Umeme umefika mtaani."

— Umeme si heri hiyo? nikauliza.

— Soma mstari wa chini yake, akasema Birika.

— "Umeme umekatika."

Fundi akashika kichwa. Nikawaambia waache kumtisha mwenzetu, daraja lenyewe lilikatika alfajiri ya kumi na nane, nakumbuka vizuri.

— Ndiyo, lakini tulikubaliana ni la kumi na saba, akasema Uhakika. Lisingekatika bila sababu.

— Mimi naona hivi, akasema Birika akimimina. Dunia si inazunguka? Basi njia yake ina shimo. Ikifika kumi na saba inatumbukia. Ndiyo maana siku hiyo vikombe vyangu vinavunjika.

— Shimo gani, bwana wee! Kuna ofisi. Ofisi inayogawa matukio kwa tarehe. Karani wake mvivu, anarundika yote siku moja ili awahi kwenda nyumbani. Watu wa ofisini nawajua, nawanyoa mimi.

Hapo ningepaswa kukasirika. Badala yake, aibu yangu hii, nikajikuta nasema kwamba hata soli za viatu, ukichunguza, zinabanduka zaidi tarehe kumi na saba.

— Mnaona? akasema Uhakika. Soli hazina uongo!

— Basi nawaambia hapana, akasema Fundi, akainuka.

Akakutana uso kwa uso na binti yake. Yeye ni fundi umeme, na alikuwa anakwenda kazini, bisibisi mfukoni, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, saa tano hii. Nimwambie nini mwenzangu?

Uhakika akamwonyesha kalenda, akamsomea yote, soko, daraja, mpaka saba bila. Binti akasikiliza kwa adabu, kisha akasogea karibu na ukuta.

— Samahani wazee wangu. Mbona hapa pana Juni tu? Miezi mingine iko wapi?

Uhakika akatazama mkasi wake. Mimi nikakitazama kiatu cha mtu. Miaka yote hiyo! Mwishowe Birika akakohoa.

— Nilifungia karanga. Mwaka uleule wa kwanza.

— Kwa hiyo soko liliungua mwezi gani?

— Nadhani Novemba.

— Na daraja?

Birika akaanza kufuta kikombe. Binti akamgeukia baba yake.

— Basi hakuna kitu hapa. Sasa unaogopa nini, baba?

— Na kwa nini huu wa Juni hukuufungia karanga? nikamuuliza Birika.

— Muulize Fundi. Alinikataza nisiuguse.

Fundi akaweka kidole kwenye kona ya kisanduku, chini ya wino wa watu wote. Palikuwa na mwandiko mdogo, karibu umefutika. Binti akausoma kwa sauti: "Nimepata binti. Kilo tatu."

— Hiyo peke yake ndiyo ya Juni kweli, akasema Fundi. Siku iliyokuleta, mama, ndiyo hiyohiyo ije ikuchukue? Nitawezaje?

— Nahamia mtaa wa pili, baba. Taa zako nani atazitengeneza kama si mimi?

Fundi akacheka huku analia, hata mimi nikapenga kamasi kwa nguvu ili wasinione.

— Mwambie ndiyo, akasema. Kumi na saba.

Binti alipoondoka mbio, Fundi akavuta kalamu, akaikata ile saba bila kwa mstari mmoja.

— Aa, hiyo ni historia! akapaza sauti Uhakika.

Fundi hakumsikiliza, akaanza kuandika.

— Lakini haijatokea bado, nikamwambia. Utaratibu tunaujua.

— Najua. Nashika nafasi, msije mkaniwekea mpira.