Bwana Ézéchias Kyabu na Benchi Fupi la Baraza

Tarehe 31 Machi 1956, Bwana Ézéchias Kyabu anapumzika kazi baada ya kulitumikia Baraza la wenyeji la Kamina miaka ishirini na saba, kwanza karani, kisha mwamuzi wa mambo ya ndoa.

Alizaliwa karibu na Kabongo, akasoma kwa Wamethodisti. Alipoanza kazi ya uamuzi, mume na mke wenye ugomvi walisimama mbalimbali, kila mmoja na ndugu zake, na ndugu ndio waliopiga kelele. Bwana Kyabu akamwomba seremala benchi fupi la watu wawili. Ndugu wakangoja nje. Wale wawili walikaa bega kwa bega, na kila mmoja alitakiwa kutaja kwanza jema moja la mwenzake.

Siku moja Banza, mpishi, aliinuka kwa hasira. Benchi likapinduka na mkewe Jeannine akaanguka. Banza akamwinua na kumpangusa vumbi. Jeannine akasema, "Leo ndio umenigusa na mikono mizuri." Baraza lote likacheka, na wale wawili wakarudi nyumbani pamoja. Wengine waliachana, lakini bila matusi, na watoto wao walijua watalala wapi.

Mwaka 1951 sheria mpya ilianza: mwanamume mwenye mke asioe mwingine. Vijijini wengi walidhani kwamba hata wake wa pili wa zamani wafukuzwe. Mkulima Mwanza alimfungia mizigo Ndaya, mke wake wa pili. Ndaya akafika barazani na chungu kichwani, akimshika binti yake mkono, Mwanza nyuma yao.

"Kama miye si bibi tena," akauliza, "huyu mutoto iko wa nani?"

Bwana Kyabu akamgeukia Mwanza. "Sheria inafunga mulango kwa mwenye bado kuingia. Haifukuze mwenye iko ndani."

Mwanza akakibeba chungu mwenyewe hadi kijijini, watu wakimcheka njia nzima. Bwana Kyabu akapanda baiskeli, akaenda kijiji kwa kijiji kuieleza sheria hiyo, na wanawake wengi wakafungua mizigo yao.

Binti wa Ndaya sasa anasoma shule hapa Kamina. Ndiye aliyeombwa kuandika maneno haya, na anatumaini kwamba siku moja mwanamke naye atakaa kwenye meza ya waamuzi.

Asante, Baba Kyabu. Baraza linakupa benchi lako. Ukae juu yake na Mama Salomé, mkeo, jioni nyingi za amani, na asiinuke mmoja bila kumwambia mwenzake.