Benjamin Chinguile wa Gazeti la Mbavu Zangu

Baba Paroko, ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kilwa Masoko, familia inaomba mtusikilize tuwaeleze maisha ya mzee wetu Benjamin Lukas Chinguile, kama mwenyewe alivyotaka yaelezwe, bila kufichwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 kijijini Kilangala, Wilaya ya Lindi, mtoto wa pili wa Mzee Lukas na Mama Mary, akimfuata dada yake Getrude, aliyembeba mgongoni na ambaye tunaye hapa leo. Alisoma hapo hapo kijijini hadi darasa la saba mwaka 1973, na walimu walimpenda na kumchapa kwa jambo lile lile, kuwachora ubaoni wakiwa wamesinzia.

Mwaka 1976 alikwenda Dar es Salaam, akachora vibao vya maduka, kisha katuni za magazeti. Tarehe 14 Januari 1984 alifunga ndoa na Agnes, wakajaliwa watoto wawili, Lukas na Esha, na Julai 1993 yeye na rafiki yake Ridhiwani Pazi wakaanzisha gazeti lao la katuni za kuchekesha, Mbavu Zangu.

Gazeti lilisuasua, mpaka marehemu alipokumbuka harusi ya dada yake ya mwaka 1979, ambayo bwana harusi hakutokea, na Getrude alikaa sakristia, chumba cha nyuma ya altare, na shela lake hadi watu wakatawanyika, akimwambia mdogo wake aliyemshika mkono, "Atafika tu, Benja." Ndipo akamchora Bibi Ngoja, bibi harusi mwenye mwanya kama wa Getrude, anayesimama kila stendi na shela lililochakaa akisema, "Atafika tu." Nchi nzima ilicheka, gazeti likawa linagombaniwa, marehemu akajenga nyumba na kununua gari.

Getrude aliyasikia maneno hayo sokoni Lindi, alikouza unga wa muhogo, watoto wakimzomea. Akapanda basi hadi ofisini kwa mdogo wake, akamwambia, "Benja, yale maneno nilikuambia wewe peke yako." Marehemu alikuwa na wageni, akamjibu huku akicheka, "Dada, ni katuni tu, nani anakujua?" Akaendelea kumchora, na Getrude akahamia Likawage kulima.

Tarehe 12 Agosti 1997 tulimzika Mama Mary kule Kilangala, na Getrude alipoinama kumuaga mama yake, kijana mmoja alinong'ona nyuma, "Atafika tu," watu wakaangua kicheko msibani. Benjamin alikuwa amesimama kando ya jeneza, na hakuinua uso hadi kaburi lilipofukiwa.

Tangu siku hiyo mkono ulikataa kumchora Bibi Ngoja, Ridhiwani akambembeleza, wasomaji wakalalamika, kisha wakaacha kununua, na mwaka 1999 gazeti likafungwa. Marehemu alihamia hapa, akaandika majina ya maduka na ya mashua, wala hakuchora tena sura ya mtu, hata wajukuu walipomwomba, na mgeni akimtambua alikana. Kila baada ya mavuno alikwenda Likawage, Getrude akampikia, akamtandikia, lakini habari ile hakuna aliyeigusa.

Mwaka jana ugonjwa wa figo ulipomzidia, Getrude alikuja kumuuguza. Asubuhi moja marehemu alimwambia, "Dada, nisamehe." Getrude akajibu, "Nilishakusamehe. Ila uliniuliza nani ananijua. Walinijua wote, Benja." Marehemu alilia sana, akatuagiza haya yasomwe mbele ya watu, Getrude akakubali, na alfajiri ya Jumanne hii alifariki, huku dada yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopika na kukesha nasi, wavuvi wenye mashua alizoziandika, na Mzee Ridhiwani aliyesafiri kutoka Dar es Salaam. Na ninyi mliowahi kulisoma gazeti lile mkacheka, hatuna kinyongo, ila mkitoka hapa, piteni pale alipokaa dada yake, mmpe pole, na mmwite kwa jina lake, Getrude.

Kapumzike kwa amani, Benjamin.