Mlingoti Uliovuja

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi dada mtu, kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Hakikisha, jina asilolipenda, kwa kuwa alishuku mnamcheka.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1957, nyuma ya kiwanda cha mbao, mimi nikimtangulia na mdogo wetu wa kiume akimfuata, akamaliza shule ya msingi mwaka 1971, akajifunza useremala, na mwaka 1976 akaajiriwa kwenye karakana ya mashua za tanga, kazi yake ikiwa kuziba pale mlingoti unapopenya sitaha, kwa mpira, mkanda wa chuma na gundi, ili maji yasiteremke kwenye vitanda vya chumba cha chini. Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto watatu, na mkewe ni shahidi kwamba mlango alioufunga mwenyewe aliurudia kuutikisa.

Mwaka 1998 alimwingiza mdogo wetu kazini, wakafanya kazi bega kwa bega hadi mwaka 2011, mashua ya daktari mmoja wa meno ilipovuja kila mvua iliponyesha, wakaiziba, ikavuja, wakaiziba tena, ikavuja, ndipo kaka akamwambia mdogo wake mbele ya mafundi wote, "Wewe ndiye unayelegeza mkanda." Mdogo wetu akaweka bisibisi mezani, akaondoka, asikanyage tena kwa kaka.

Mashua haikuacha kuvuja. Kaka akamshuku mlinzi wa karakana, kisha daktari mwenyewe, mpaka mwaka uliofuata alipofunga kitambaa kikavu chini ya mpira, kikabaki kikavu huku kitako cha mlingoti kikilowa, na yeye aliyezoea milingoti ya mbao akatambua kwamba huu wa alumini ulikuwa wazi ndani kama bomba, mvua ikiingilia juu kabisa, kwenye tundu la kamba. Iliniuma kumwona siku ile. Alituma watu kuomba radhi, akanituma na mimi, mdogo wetu akajibu kwamba anamjua kaka yake, huo ni mtego.

Januari 2022 moyo ulianza kumsumbua, akawa akilazwa mara kwa mara, akihoji kila kidonge, akiuliza kila jioni kama mdogo wake amekuja, hadi alipofariki tarehe 14 Juni 2023. Nilipompigia mdogo wetu simu, aliuliza nani mwingine ameuona mwili. Jana alifika, akaomba kaka afunuliwe uso, akamtazama sana, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo alipoomba radhi alikuwa anasema kweli?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwachosha kwa maswali, majirani waliotupikia, na mafundi wenzake waliombeba.

Kaka, lala kwa amani, mdogo wako yuko hapa.