Mke wa Ponnuthurai na Simu Yake ya Mezani

Ndugu waombolezaji, shangazi yetu Pavalamani Ponnuthurai alizaliwa tarehe 9 Juni 1951 kijijini Karaveddi, Jaffna, kaskazini mwa Sri Lanka, akasoma hapo hapo hadi darasa la kumi, na tarehe 30 Agosti 1974 akafunga ndoa na Bwana Ponnuthurai, tabibu wa zahanati, wakajaliwa binti mmoja, Vaani, mwaka 1979.

Vita vya jeshi la serikali na wapiganaji wa Kitamil vilipozidi, mwaka 1996 alihamia hapa Toronto na binti yake, mumewe akibaki na wagonjwa kwa ahadi ya kuwafuata, naye akafanya kazi ya udobi hotelini kwa miaka ishirini na mmoja. Mei 2009, wakati sisi Watamil tumejaa barabarani na mabango tukiiomba dunia isimamishe mauaji ya kwetu, mumewe alipiga simu akasema, "Kesho tunavuka daraja kwenda upande wa jeshi, nikifika nitakupigia," na tangu siku hiyo hajulikani alipo.

Kila Mei tulipowasha taa na kusoma majina ya waliokufa vitani, katibu wa chama chetu alimwomba jina la mumewe, naye akajibu, "Niache, mwanangu, huyo hajafa, amechelewa tu," akasimama nyuma ya ukumbi peke yake, bila taa. Wajane walisema anajidai, wenye waume walimwona mkosi, harusini hakuitwa kubariki maharusi, na sisi ndugu zake, tuseme ukweli, tulichoka kumsikiliza. Vaani alipohamia Calgary mwaka 2013 akamsihi waende wote, alikataa, kwa kuwa mumewe aliijua namba ile ya nyumbani kwa kichwa, "na akipiga, nani atapokea?"

Figo zilianza kumsumbua Oktoba 2022, akafariki dunia asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024. Jana tulibishana tumvike kama mjane au kama mke, hadi Vaani akasema, "Mpakeni kidoti chake chekundu, mama hakufiwa na mume," ndiyo maana mnamwona nacho kwenye paji la uso, alama ya mke mwenye mume, na mkufu wake wa ndoa shingoni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa udobini, na majirani wa ghorofa ya saba, hasa Bi Milagros, asiyejua neno la Kitamil, aliyekaa kando ya simu kila Marehemu alipokwenda kusafishwa damu.

Pumzika sasa, Shangazi, laini haijakatwa, akipiga tutapokea sisi.